Mwani wa Bwawa la Mwisho

Mizani alimkuta Fundi amelala kifudifudi juu ya chemba ya bwawa la pili, mkono mmoja umezama ndani mpaka kwapani, anaimba. Hakuwa na sauti nzuri na alilijua hilo, ndiyo maana aliimba pale tu pampu zilipokuwa zinanguruma. Mizani alisimama nyuma yake na koti lake jeupe la maabara, akamwacha amalize ubeti. Alitaka ausikie wote, maana hakujua kama atausikia tena.

"Zima hiyo pampu," akasema.

Fundi aligeuza shingo. Uso ulikuwa na matone ya matope, na tabasamu lake halikujali matope. "Nikiizima utanisikia."

"Nimeshakusikia. Izime."

Akaizima. Kituo kizima cha majitaka kikanyamaza, na katika ule ukimya wakabaki wanatazamana kwa namna ambayo wafanyakazi wenzao walishaizoea na kuichoka. Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa anampenda mwaka wa pili sasa. Jumamosi wazee wake walikuwa wanakuja kumposa.

Kituoni kila mtu alimwita Mizani. Jina lilimganda tangu siku alipoonekana anapima sukari ya chai kwa mzani wa maabara, na yeye hakulikataa. Aliamini kwamba jambo lililopimwa huacha kubishaniwa. Asubuhi ile, baada ya simu kutoka maabara ya mjini, alikuwa anatamani apate mtu wa kubishana naye.

"Nilipokuwa hospitalini na Baba," alianza, "ulilifanya nini bwawa la nne?"

Fundi alikaa kitako, akajifuta mkono taratibu kwa kitambaa. Tabasamu lilizidi. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Nikasema, huyu mwanamke na macho yake yale, lazima siku moja ataona mwani wake umenona, aulize nani kaunonesha."

Mizani alikuwa amekuja na tumaini dogo, la aibu kidogo, kwamba maabara ya mjini ilichanganya chupa.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nani mwingine? Siku ile uliyoondoka mbio na mzee, wiki haijaisha bwawa la nne likaanza kupauka. Mwani ukawa mweupe kama mtu aliyelala njaa. Nikaenda stoo kuchukua ile mbolea yako safi unayoulisha kila asubuhi, stoo imefungwa. Ufunguo?"

"Kwenye mkoba wangu."

"Kwenye mkoba wako, wodini. Nikapiga simu, imezimwa. Nikajiuliza, nije wodini nikuulize habari za mwani na mzee wako amelazwa hajitambui? Ningekuwa mtu wa namna gani? Nikafungua koki ya pembeni, ile ya kutoka bwawa la kwanza. Kidogo tu. Kamkondo kembamba kama cha birika. Mwani wa bwawa la kwanza haujawahi kulishwa na mtu na umenenepa kama nini. Siku chache tu ukaanza kurudi. Ukawa wa kahawia, unang'aa. Nikafunga kabla hujarudi, ili nikushangaze."

Na alimshangaza kweli. Mizani aliikumbuka siku aliyorudi kazini, amechoka, nguo zinanuka dawa za wodini, akijua atakuta kamba za kuoteshea mwani zikiwa tupu. Akakuta mwani mzito, laini, unaoteleza vidoleni kama nywele zilizopakwa mafuta. Alilia pale ukingoni, na Fundi alikuwa upande wa pili wa bwawa anajifanya anakaza skrubu.

Mizani alimwashiria Fundi akae vizuri, kisha yeye akakaa karibu yake, si karibu sana.

"Nisikilize mpaka mwisho. Maji yanayoingia bwawa la kwanza yanatoka wapi?"

"Kiwanda cha samaki na kiwanda cha ngozi. Unanifanyia mtihani?"

"Ya samaki ni chakula. Mwani unayala unashiba. Ya ngozi yana kromu, ile dawa wanayolainishia ngozi isioze. Mwani hauchagui. Unakunywa vyote, na kromu ukishaiingiza mwilini hauitoi. Uuoshe, uuchemshe, uukaushe, inabaki humo humo. Ndiyo maana wa bwawa la kwanza tunauchoma kwenye tanuri la matofali na hakuna anayeupeleka nyumbani. Wa pili na wa tatu ni wa mbolea ya maua. Wa nne peke yake ndio unagusa ngozi ya mtu, kwa sababu maji yakifika pale hayana kitu tena. Bwawa la nne lina njaa kwa makusudi. Kupauka kwake ndiyo usafi wake."

Aliona maneno yanavyomwingia. Fundi hakuwa mjinga. Alijua kila bomba lililopita chini ya miguu yao, lilipoanzia na lilipoishia. Ila kazi yake ilikuwa kupeleka maji, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini maji fulani hayapaswi kufika mahali fulani. Alidhani njaa ni njaa tu.

"Majibu ya sampuli yamekuja?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Asubuhi hii."

"Yale makopo ya mafuta ya kupaka... ni ya mwani ule?"

"Yote. Bahati nzuri hayajatoka stoo. Meneja ameshaamuru yaharibiwe."

"Moja lilitoka," alisema Fundi.

Mizani alimwacha afike mwenyewe, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumfikisha.

"Mwalimu," alisema Fundi. "Mungu wangu. Miguu ya Mwalimu."

Baba yake Mizani alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu, na kwa muda mrefu alikuwa amemkataa Fundi kwa hoja zilizopangwa kama vitu vilivyo kwenye rafu. Alimwita Bwana Mabomba. Alisema hakumsomesha binti mpaka maabara ili akaolewe na mtu anayeingia kwenye mashimo. Kisha sukari ikamwangusha, akatoka hospitalini na miguu iliyopasuka visigino kama udongo wa kiangazi, na Fundi akaja na kopo. Kila jioni, wakati Mizani yuko kwenye basi la wafanyakazi, Fundi alipanda ngazi mpaka nyumbani kwao ghorofa ya tatu, akamwosha mzee miguu, akampaka. Siku za mwanzo mzee aliangalia ukutani. Baadaye akaanza kumpa mafumbo ya hesabu. Baadaye zaidi, siku moja Mizani alifungua mlango akamsikia baba yake anasema, "Hapana, mwanangu, rudia hapo kwenye sehemu."

Alisimama kwenye korido na viatu mkononi, hakutaka kuingia. Kwa neno lile moja, mwanangu, Jumamosi ilipatikana.

"Uliniuliza," alisema Mizani. "Uliniuliza kama umpelekee, nikasema mpelekee. Bwawa la nne halijawahi kushindwa kipimo tangu nianze kazi hapa. Nilisema mpelekee kabla majibu hayajaja."

"Usijigawie kosa. Koki nilifungua mimi." Alisimama, akazunguka chemba, akarudi. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. "Niambie cha kufanya. Mimi ni fundi. Niambie cha kufunga, nikafunge."

"Hakuna cha kufunga."

"Lazima kiwepo."

"Ulishafunga. Kilichopita kimepita."

Akaja akasimama mbele yake, karibu mno, akanuka matope, chuma na sabuni. Kama angemgusa wakati ule, Mizani angevunjika vipande. Hakumgusa. Alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa inapaka kila jioni, akaiweka nyuma.

*

Nyumbani Shangazi alikuwa anapanga vikombe. Alikuwa amefika jana yake kutoka mji anakoishi, na sanduku la vikombe vipya vya kupokelea wageni wa Jumamosi, kila kimoja amekifunga kwenye gazeti kama yai. Alikuwa mdogo wa Baba wa kuzaliwa, mjane, na mwanamke ambaye hakuwahi kuketi kwenye kiti mpaka mwisho.

"Umewahi kurudi," alimwambia Mizani. "Njoo ushike hapa. Kaka yako huyu..."

"Ni baba yangu, Shangazi."

"Baba yako, kaka yangu, wote ni mmoja. Hataki kuvua soksi. Nimemwambia leo joto, anasema miguu ni yake."

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, soksi za sufi hadi katikati ya muundi. Alimtazama binti yake akaelewa kuna jambo. Alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote. Aliijua sura ya mtu anayekuja na jibu baya.

"Baba, naomba nione miguu yako."

"Itazame kesho."

"Baba."

Akageuza uso. Mizani alipiga magoti, akavua soksi ya kushoto. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka kuzunguka kisigino, na malengelenge madogo yaliyopasuka. Alipoigusa, Baba alivuta pumzi. Akavua ya kulia. Hapo Baba hakuvuta pumzi, hakusikia chochote, maana sukari ilikuwa imeshaua hisia za mguu ule. Kando ya kidole gumba palikuwa na kidonda chenye kingo nyeusi, kilichoingia ndani mno.

"Tangu lini?"

"Wa kushoto unawasha wiki mbili hivi. Unawaka, hasa akishanipaka. Nikadhani dawa inafanya kazi."

"Kwa nini hukusema?"

Baba akasema, polepole, kama mtu anayeandika ubaoni, "Nilimkataa kijana yule bila kumjua. Halafu akaja kunishika miguu. Nikianza kulalamika tena, si ataona ni kisirani kile kile? Nikasema nivumilie, mpaka Jumamosi ipite."

Mizani alikaa sakafuni, mguu wa baba yake mapajani. Akamweleza. Alieleza kwa utaratibu kama alivyofundishwa na baba huyo huyo, hatua baada ya hatua, bila kuruka: njaa ya bwawa, ufunguo mkobani, koki, kromu, kopo. Shangazi alisimama na kikombe mkononi. Maelezo yalipofika mwisho, Baba alifumba macho, na Mizani alijua anairudia hesabu yote tangu juu.

"Ni sahihi," alisema hatimaye. "Sioni ulipokosea. Sasa niambie, jioni hii haji?"

"Haji, Baba."

"Nani atamwambia asije?"

"Anajua."

Baba alitikisa kichwa. "Nilimwachia fumbo la kupima maji kwa vyombo viwili. Jana alikaribia kabisa."

Shangazi alikiweka kikombe mezani kwa uangalifu. Hakupaza sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kama angepaza.

"Mimi sikusoma mambo ya maji," alisema. "Nimeelewa moja. Kaka yangu alikuwa na miguu miwili mibovu, mtu akampaka sumu juu yake."

"Hakujua, Shangazi."

"Sijasema alijua. Gari likimgonga mtoto, dereva hakujua. Mama wa mtoto atamwozesha dereva binti yake?"

Daktari wa zahanati alikuja mchana. Aliinama juu ya mguu wa kulia muda mrefu, akasema mzee apelekwe hospitali kubwa kesho asubuhi, na kwamba kidole hakitapona, pengine na zaidi ya kidole. Mizani alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Ni mafuta yale?" alimwuliza. "Nataka kujua ni mafuta, au ni sukari."

"Mafuta yamechubua ngozi, hilo la wazi. Lakini mguu wa namna hii huanza vidonda hata bila mafuta."

"Kwa hiyo ni kipi?"

"Dada, vimeshachanganyika. Hakuna mtu atakayekutenganishia."

Hilo ndilo lililomwangusha. Alikuwa tayari kwa jibu lolote: kama ni mafuta, angelibeba, kama ni sukari, angelitetea penzi lake mbele ya ukoo mzima. Alirudi ndani bila jibu la kushika, na Shangazi, ambaye hakuhitaji kipimo, alikuwa ameshaamua.

Hospitali kubwa ilikuwa katika mji wa Shangazi. Nyumba yenye chumba cha chini kisicho na ngazi ilikuwa ya Shangazi. Gari litakalokuja asubuhi lilikuwa la jirani yake Shangazi. Baba angekaa huko mwezi, miezi, hakuna aliyejua, na mtu wa kumwamsha usiku na kumpima sukari alikuwa binti yake wa pekee.

"Nitawapokea wote wawili kwa moyo mweupe," alisema Shangazi, anavirudisha vikombe kwenye magazeti yake. "Kwangu ni kwenu. Lakini yule kijana asifike mlangoni kwangu. Nikimwona nitakuwa naona mguu wa kaka yangu. Siwezi, mwanangu. Usinilazimishe niseme naweza."

"Baba," Mizani aligeuka. "Sema kitu."

Baba alikuwa anatazama vikombe vinavyotoweka kimoja kimoja. "Niko mikononi mwenu," alisema. "Mtu asiyeweza kutembea hana kura, mama."

*

Asubuhi gari lilisimama chini, na ndipo walipokumbuka ngazi.

Baba hakuruhusiwa kukanyaga. Dereva alikuwa mtu wa makamo mwenye mgongo mbovu. Alipanda hadi juu, akamtazama Mwalimu na urefu wake wote, akasema ataweza kubeba masanduku. Jirani wa mlango wa pili alikuwa kazini. Mizani na Shangazi walijaribu kumwinua kwa kiti, wakafika kizingitini, kiti kikayumba, Baba akasema, "Mnataka nifie njiani kabla ya hospitali?" akacheka, wao hawakucheka.

Mizani alichungulia dirishani. Fundi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, na nguo za kazi. Meneja alimwachisha kazi jana jioni. Bado alikuwa amezivaa. Hakuwa anasubiri kuitwa. Alikuwa amekuja kutazama gari likiondoka.

"Shangazi," alisema Mizani.

Shangazi alikuja dirishani. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akafungua dirisha na, kwa sauti ambayo hakuna mtu angesema ni ya ukali wala ya upole, akaita, "Wewe kijana. Njoo umshushe baba yenu."

Akapanda. Aliingia bila kumtazama Mizani, akasimama mbele ya kile kiti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vyombo viwili?"

"Nimelipata usiku. Unajaza kile kidogo, unamwaga kile kikubwa."

"Hatimaye," alisema Baba.

Fundi alimgeuzia mgongo, akachuchumaa. Mzee akamkumbatia shingoni, na Fundi akanyanyuka naye, akiishika miguu yake chini ya magoti, mbali kabisa na bandeji. Walishuka hivyo, ngazi kwa ngazi. Mizani alitangulia, anashuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha kumkinga baba yake asianguke. Kwa hiyo ghorofa zote tatu alikuwa anautazama uso wa Fundi, na Fundi hakuwa na pa kuuficha. Jasho lilimshuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza alisimama kupumzika, akauliza kitu kwa pumzi, na Baba akamnong'oneza sikioni. Mizani aliona uso wa Fundi ukilegea kwa mara ya kwanza tangu jana.

Chini alimweka mzee kwenye kiti cha nyuma, akakunja blanketi, akalisukuma chini ya mguu wa kulia.

"Nikupigie?" aliuliza, bado ameinama, ili Shangazi asisikie.

"Kule nitakuwa nyumbani kwa Shangazi," alisema Mizani. "Nimempa neno langu, hata simu hapana."

"Basi. Basi sawa." Alinyoosha mgongo. "Bwawa la nne mtalifanyaje?"

"Wataung'oa wote. Wauchome."

"Ulikuwa mzuri, lakini."

"Ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuotesha," alisema Mizani, na ilimbidi aingie garini.

Gari liliwatoa nje ya mji. Shangazi alikaa mbele, amepakata sanduku la vikombe. Mizani alikaa nyuma na miguu ya baba yake mapajani, na alingoja mpaka barabara ikanyooka.

"Ulimwambia nini, Baba? Kwenye ngazi."

"Aliniuliza kama wa kulia unaniuma sana. Nikamwambia hauumi hata kidogo."

Mizani alitazama bandeji. "Hauumi kwa sababu umekufa ganzi. Huo ndio ubaya wake."

"Hakuniuliza sababu. Aliuliza kama unauma." Baba alifungua jicho moja, lile la mwalimu. "Nilichomwambia ni kweli au si kweli?"

Mashamba yalipita dirishani, yakapita tena. Maisha yake yote Mizani hakuwahi kuliacha jibu nusu.

"Ni kweli, Baba," alisema, akamfunika miguu.